Jumatatu Wanga, Ijumaa Mafuta

Kwa miaka kumi na tisa Shangazi aliwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro, na katika miaka yote hiyo waliojaribu kumfundisha kupika walikuwa ni wale tu wasiojua kupika. Meneja wa kwanza alitaka wali uwe mkavu, punje na punje zisijuane. Wa pili aliomba vitunguu vipunguzwe, kwa sababu harufu yake ilimfikia ofisini ikamkumbusha kwamba hajala. Wa tatu, huyu aliyepo sasa, alitaka jambo moja tu: kengele ya kurudi kazini isichelewe. Shangazi aliwaitikia wote "sawa, bosi," kisha akapika kama alivyojua. Watu mia na ishirini wakala, wakafuta midomo, wakarudi kwenye sponji zao.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Zamani mpwa wake alikuwa akipakia magodoro kwenye malori. Mpwa akaacha kazi, jina likabaki. Hata meneja, aliyemzidi umri kwa miaka minane, alimwita Shangazi.

Kantini yake ilikuwa banda refu nyuma ya karakana ya kukatia sponji, lenye meza za mbao na madirisha ya wavu. Vumbi la sponji halikujua wavu wala mlango. Vipande vyeupe, vyepesi kama pamba, viliingia kila mahali, na Shangazi alifunika masufuria yake kama mtu anayefunika watoto usiku. Wenyewe walishazoea. Mgeni tu ndiye aliyeona kitu cheupe juu ya maharage akauliza kama ni jibini.

Aliyemsimamia Shangazi kwa cheo alikuwa afisa utumishi, mtu mwembamba mwenye tai pana, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Waraka, lakini si mbele yake. Jina alilipata kwa haki. Neno ambalo mtu mwingine angelisema mlangoni na kuendelea na safari, yeye alikwenda kuliandika, akalipiga muhuri, akalibandika ubaoni. Choo cha wanaume kilipong'oka mlango, fundi hakuitwa kwa wiki mbili, lakini waraka kuhusu "matumizi sahihi ya milango" ulitoka siku ileile. Saa ya chakula hakuonekana kantini hata mara moja. Alijifungia ofisini, na watu walisema kwamba anakula karatasi.

Basi ikaja barua kutoka idara ya afya. Kulikuwa na semina ya siku tatu kuhusu mlo kamili, na kila kiwanda kiliombwa kumtuma mtu anayehusika na chakula. Bwana Waraka aliisoma barua mara mbili. Mpishi yuko chini ya utumishi. Utumishi uko chini ya nani? Chini yake yeye. Kwa hiyo anayehusika na chakula ni nani? Alijijibu, akajiandikia ruhusa, akaisaini mwenyewe. Shangazi alipata habari za semina siku ile Bwana Waraka aliporudi na mkoba mpya, kofia mpya, na cheti ambacho tayari kilikuwa kwenye fremu.

Ijumaa alasiri akamwita ofisini.

"Shangazi, tumekuwa tukila gizani," alisema.

"Taa ya kantini iliungua mwezi wa pili, Bwana Afisa. Nilikuandikia."

"Nasema kwa lugha ya picha." Akamsogezea karatasi. Juu yake kuliandikwa: *Waraka Namba 14: Utekelezaji wa Mlo Kamili.* "Chakula kina makundi makuu matano. Moja, nafaka na mizizi, hii inaitwa wanga, inatupa nguvu. Mbili, nyama, samaki, mayai na jamii ya kunde, inajenga mwili. Tatu, mboga. Nne, matunda. Hizi zinalinda mwili. Tano, mafuta, kwa kiasi. Unanifuata?"

"Nakufuata."

"Na wiki ina siku ngapi za kazi?"

Shangazi alimtazama. "Tano."

"Tano!" Bwana Waraka akagonga meza kwa furaha. "Unaona? Hesabu imejipanga yenyewe. Jumatatu wanga, Jumanne protini, Jumatano mboga, Alhamisi matunda, Ijumaa mafuta. Wiki ikiisha, mfanyakazi amekula kila kundi, hakuna lililorukwa, na mimi ninaweza kulithibitisha kwa maandishi."

"Yaani Jumatatu nipike wali mtupu?"

"Si mtupu. Kuna viazi. Kuna mkate. Changanya upendavyo, mradi usitoke nje ya kundi."

"Na cha kulia wali?"

"Jumanne."

Shangazi akaitazama tena ile karatasi. Alikuwa amelea watoto wanne na kumuuguza mume kwa miaka sita mpaka alipomzika, na hakuwahi kumlisha mtu wali Jumatatu akamwambia asubiri maharage mpaka kesho yake.

"Bwana Afisa, huko semina walikuambia hivi hivi?"

"Waliniambia makundi ni matano." Alisema hivyo huku anaipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza. "Kuyaweka kwenye ratiba ni kazi ya utawala. Weka saini hapa: nimepokea na kuelewa."

Shangazi akachukua kalamu, akaandika polepole: *Nimepokea.*

"Na kuelewa," Bwana Waraka akamkumbusha.

"Hiyo haijanifikia bado. Ikifika nitarudi kuiandika."

Angeweza kukataa. Lakini mwaka uliopita mlinzi wa getini alipoteza kazi kwa kubishana na Waraka Namba 9, na waraka wenyewe ulihusu salamu. Tena Shangazi alikuwa na tabia aliyoirithi kwa mama yake: akiamriwa jambo la kipuuzi, hutii mpaka upuuzi wenyewe uone haya.

Jumatatu saa sita na nusu watu walijipanga na sahani. Wa kwanza kwenye foleni, kama kawaida, alikuwa Kipimo, mkata sponji aliyevaa futi ya kupimia shingoni kama mkufu, na ambaye wenzake walimchagua msemaji wao kwa sababu hakuweza kunyamaza hata bila kuchaguliwa. Shangazi alimwekea wali. Juu ya wali akaweka viazi vya kuchemsha. Pembeni akaweka vipande viwili vya mkate.

Kipimo alisubiri. Foleni nayo ikasubiri.

"Shangazi, mchuzi umechelewa?"

"Mchuzi una siku yake. Kasome ubaoni."

Kipimo akaenda kusoma ubaoni, akarudi. "Nimesoma. Sasa mimi nile wali kwa kusukumia viazi, au viazi kwa kusukumia wali?"

"Sukumia maji," Shangazi akamwambia. "Maji hayamo kwenye waraka, kwa hiyo hayajakatazwa."

Walikula, maana tumbo halisomi ubao. Na kwa kuwa hakikuwepo kingine cha kula, walikula sana. Matokeo yakaonekana saa nane. Mtu aliyejaza wali, viazi na mkate akipewa kazi ya kuchimba mtaro huenda akavumilia, lakini hawa walirudishwa kwenye ghala lenye magodoro mia tatu mapya. Msimamizi wa zamu alipopita saa nane na nusu aliwakuta watu kumi na mmoja wamelala chali. Aliyeamka kwanza alisema walikuwa wakikagua ubora.

Jumanne ilianza kwa shangwe. Maharage, mayai, samaki! Kuna waliomwombea Bwana Waraka maisha marefu. Fundi mmoja wa mitambo alirudi mara tatu kuongeza maharage na mayai, akisema mwili wake una mengi ya kujenga. Lakini maharage yasiyo na wali wa kuyatuliza ni kama wageni wasio na mwenyeji, kila mmoja anafanya alitakalo. Kufikia saa tisa madirisha yote ya chumba cha kushonea yalikuwa wazi, vyerehani vimesimama, na akina mama wa cherehani wamekaa uani kwenye mabunda ya kitambaa wakipepea nyuso zao. Msimamizi alipowauliza kwa nini wako nje, mkubwa wao alijibu kwa heshima zote kwamba wanampisha fundi mitambo amalize kujenga mwili.

Shangazi aliyasikia hayo yote jikoni, akawa anasugua masufuria na kutabasamu. Hata hivyo jioni, alipokuwa akifunga mlango, tabasamu lilimwisha. Aliwaona vijana wa kupakia malori wakitoka, mabega yamelegea. Watu wale walibeba mizigo siku nzima. Kejeli ni tamu mdomoni, lakini haimshibishi anayebeba.

Jumatano ilikuwa kabichi, mchicha na karoti, na haina hadithi ndefu. Kipimo alisema amekula kama mbuzi, kasoro kamba. Mchana ule alikata magodoro ishirini na mawili yenye upungufu wa inchi tatu kila moja, akaapa kwamba futi ndiyo iliyonenepa, maana yeye hakuwa na uwezo huo.

Kumbe ndani ya kiwanda ilishazaliwa biashara. Watu walificha mikate kwenye makabati ya nguo. Mayai ya Jumanne yalibadilishwa kwa viazi vya Jumatatu nyuma ya pipa la gundi. Mpakiaji mmoja alipekuliwa getini akakutwa na viazi vitatu vilivyochemshwa, moto bado, mfukoni. Bwana Waraka hakulala juu ya jambo hilo. Alitoa Nyongeza ya Kwanza, *Kuhusu Kumiliki Wanga Siku Isiyo ya Wanga.* Tena akaunda kamati ya watu watatu, kwa sababu Shangazi alikuwa ameuliza, kwa upole kabisa, kama parachichi ni tunda au ni mafuta, na karanga ziende wapi. Kamati ilikaa saa mbili. Parachichi liliamuliwa kuwa tunda mpaka saa sita mchana. Karanga zikaahirishwa.

Alhamisi ilikuwa siku ya matunda. Shangazi aliamka mapema akakata mapapai, matikiti, ndizi na machungwa. Hilo, kusema kweli, alilifanya kwa moyo. Miaka sita alikuwa akiomba matunda kwa ajili ya kantini, na kila mwaka alijibiwa kwamba kantini si hoteli. Basi kama upuuzi umeyaleta, na yaletwe.

Saa sita kasoro Bwana Waraka alipaswa kupelekewa sahani ya mfano ofisini, aihakiki kabla ya watu kula. Shangazi aliipeleka mwenyewe. Akabisha hodi, kimya. Akabisha tena. Ndani kulisikika kitu kama kalamu inayoanguka. Akasukuma mlango.

Bwana Waraka alikuwa amekaa kitini pake, tai imelegea, uso umelowa jasho kama aliyetoka mtoni. Mikono yake ilitetemeka juu ya makaratasi. Alimtazama Shangazi kama anayejaribu kukumbuka yeye ni idara gani.

Shangazi hakuuliza mengi. Jasho lile alilijua. Marehemu mumewe alikuwa na ugonjwa wa sukari, na ndivyo alivyokuwa kila sukari ilipomshuka. "Una sukari wewe?" aliuliza. "Unameza vidonge?" Bwana Waraka akatikisa kichwa kukubali. "Umekula nini tangu jana?"

"Jana... mboga," alisema kwa shida. "Jumatano ni mboga."

"Na nyumbani?"

"Hata nyumbani."

"Ewe Mola!" Shangazi akachukua machungwa kwenye sahani, akayakamua kwa mikono yake miwili ndani ya glasi ya maji iliyokuwa mezani, akamshika kisogo kama mtoto. "Kunywa. Kunywa yote. Wewe ndiye mtu pekee katika kiwanda hiki aliyefuata ule waraka."

Akanywa. Baada ya hapo akala ndizi, halafu Shangazi akafungua mlango akapaza sauti mpaka jikoni, wakaleta mkate na yai. Robo saa baadaye mikono ya Bwana Waraka ilitulia, na haya zikaanza kumrudia.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Mficha maradhi kilio humfichua," Shangazi akamjibu. "Leo kilikuwa kimeshakaa pale mlangoni kinasubiri mimi nichelewe. Haya, niambie."

Ndipo akaeleza. Siku ya kwanza ya semina walifundishwa makundi ya chakula, na kando ya ukumbi kulikuwa na meza ya kupima sukari, bure. Alipima kwa kuwa ilikuwa bure. Muuguzi aliangalia kipimo, akamwangalia yeye, akamwandikia aende hospitali asubuhi yake. Siku ya pili nzima alikuwa kwenye benchi la hospitali. Siku ya tatu alirudi, akakuta wanagawa vyeti na kofia.

"Na siku ya pili walifundisha nini?"

Bwana Waraka akafungua mkoba mpya, akatoa ratiba ya semina iliyokunjwa, akaonyesha kwa kidole bila kusoma. Iliandikwa: *Siku ya Pili: Namna ya kuyaweka makundi yote katika sahani moja.*

Shangazi aliisoma mara moja tu. Kicheko kilimpanda kifuani mpaka kikamfika kooni, akakimeza, maana mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mke wangu yuko kwao miezi minne sasa, anamuuguza mama yake," Bwana Waraka alisema. "Mimi sijui kupika. Huwa nakula biskuti humu ndani na soda. Waliponiambia nina sukari niliogopa, Shangazi. Nikasema nikiyapanga vizuri, nikiyaandika, hayatanipita tena."

"Na hukuuliza mtu."

"Ningemuuliza nani? Mimi ndiye niliyetumwa."

Shangazi akachukua kitambaa chake cha jikoni akafuta maji ya machungwa mezani. "Saa hii unakwenda kliniki, uwaambie ulivyokuwa ukila na ulivyokuwa ukimeza vidonge. Na waraka ufute."

"Waraka haufutwi. Unarekebishwa, na marekebisho yanapitia kwa meneja, na meneja ataniuliza kwa nini." Akaufunga mkoba. "Tena kuna kesho."

"Kesho kuna nini?"

Kesho kulikuwa na mgeni. Kwa ile furaha ya mwanzo, Bwana Waraka alikuwa ameiandikia idara ya afya kwamba kiwanda chao ndicho cha kwanza kutekeleza semina kwa ukamilifu. Idara ilifurahi. Mtaalamu wa lishe, yuleyule aliyefundisha, angekuja kula nao mchana pamoja na mpiga picha. Siku ya Ijumaa. Siku ya mafuta.

Kila mmoja wao aliwaona kwa jicho la ndani watu mia na ishirini wakipigwa picha mbele ya bakuli za mafuta ya kupikia.

"Hebu nipe huo waraka," Shangazi alisema mwishowe. Akausoma kwa kidole. "Umeandika Ijumaa ni siku ya mafuta."

"Ndiyo."

"Wapi umeandika mafuta yawe peke yake?"

Bwana Waraka akavuta karatasi, akaisoma kwa makini ya mtu anayesoma maandishi ya adui. Hakukuwa na neno "peke yake".

"Basi kesho mafuta yatahudhuria," Shangazi akasema akiinuka. "Atakayekuja naye, hilo niachie mimi."

Ijumaa wafanyakazi walikuja kantini kama wanaokwenda kudungwa sindano. Kila mfuko ulikuwa umevimba mkate wa magendo. Kipimo alikuwa na kijiko, akasema yeye atakunywa mafuta yake mbele ya mpiga picha, dunia ione. Lakini alipofika mbele ya Shangazi aliwekewa wali, kisha maharage, kipande cha samaki, mchicha na karoti vilivyokaangwa, na pembeni kipande cha papai. Akaikodolea macho sahani. Midomo yake ilicheza, hakikutoka kitu. Wenzake walisema ni mara ya kwanza kumwona amenyamaza huku macho yako wazi.

Mtaalamu wa lishe alikuwa binti wa miaka kama thelathini, mwenye mkoba mkubwa na viatu vya kutembelea. Meneja alimwongoza mwenyewe, tabasamu limemjaa uso. Binti akazitazama sahani, akafurahi. Mpiga picha akapiga. Halafu, kwa bahati mbaya ya watu wanaojua kusoma, binti akageuka akauona ubao.

"Jumatatu wanga, Jumanne protini..." alisoma kwa sauti. Akakunja uso. "Hii ratiba ni ya nini?"

Bwana Waraka, aliyesimama karibu na mlango, alibadilika rangi. Kipimo akafungua mdomo. Shangazi alimwahi.

"Ni ratiba ya masomo, binti yangu. Kila siku tunajifunza kundi moja, tuone likikaa peke yake linakuwaje."

"Kwa vitendo?"

"Kwa vitendo kabisa. Jumatatu walijifunza wanga mpaka wakalala. Jumanne walijifunza protini mpaka madirisha yakafunguliwa. Hapa hakuna asiyejua sasa kwamba chakula ni ushirika. Waulize."

"Ni kweli!" watu wakaitikia kwa kishindo, na humo hamkuwa na hata chembe ya uongo.

Binti alitoa daftari akaandika haraka haraka. Alisema katika viwanda vyote alivyopita hakuwahi kuona somo likiingia namna ile. Meneja alikohoa, akasema wazo lilikuwa la kwake, ila utekelezaji aliwaachia vijana. Kijana mwenyewe, mwenye miaka hamsini na mbili, alikuwa akifuta jasho kwa tai.

Mambo yangeishia hapo, kila mtu na heshima yake. Lakini binti alikaa, akala. Alionja maharage, akanywa maji. Alionja mchicha, akanywa maji tena.

"Mama," alisema, "ukweli haujengi uadui. Mpangilio ni mzuri. Ila chumvi imezidi. Mafuta nayo yamezidi. Na huu mchicha umepikwa mpaka umesahau kwamba ulikuwa mchicha."

Kantini nzima ikashusha vijiko. Shangazi alihisi masikio yanapata moto. Miaka kumi na tisa! Amemwokoa mtu na kifo jana, na leo amemwokoa na aibu, na shukrani yake ni kuambiwa kuhusu mchicha. Ulimi ulimwasha. Alitaka kusema kwamba mafuta yamezidi kwa sababu ni siku yake, akaona hawezi kulisema hilo bila kuharibu alichokijenga.

"Na matunda," binti aliendelea, "wanapata kila siku?"

Shangazi, pamoja na hasira zake, hakuwa mjinga wa kuacha mlango ulio wazi.

"Hilo muulize meneja, binti yangu. Mimi nimeomba miaka sita."

Macho yote, pamoja na ya kamera, yakamgeukia meneja. Meneja alitazama kamera. "Kuanzia Jumatatu," alisema, "kila siku." Mpiga picha akapiga.

Barua ya pongezi ilikuja wiki iliyofuata. Ilimpongeza meneja kwa wazo lake, na katika aya ya pili ikamtaja Bwana Waraka kwa jina lililokosewa herufi mbili. Mpishi hakutajwa. Waraka Namba 15 nao ukatoka, ukiagiza makundi yote yawekwe katika sahani moja kila siku, kwa lugha nzito iliyomfanya msomaji adhani jambo hilo limevumbuliwa juzi. Aliyeutunga alikuwa amekaa jikoni kwa Shangazi, kalamu mkononi, akiandika anachoambiwa. Tangu hapo alikula kantini pamoja na watu wengine, kwa saa zilezile alizopangiwa na kliniki. Watu walishangaa kuona anatafuna.

Shangazi yeye hakuwa na raha. Maneno ya yule binti yalimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Jumamosi alimwalika mdogo wake wa kike, akampikia kama apikavyo siku zote, akamwuliza: "Niambie kweli. Chumvi inazidi?"

Mdogo wake akainama juu ya sahani, akafikiri kwa muda mrefu.

"Dada," alisema, "kwani hujawahi kujiuliza kwa nini kila nikija kwako nabeba chupa ya maji?"

"Miaka yote hii! Na hukusema?"

"Ungenipa nini kingine nile?"

Jumatatu Shangazi alipunguza chumvi nusu. Mchicha aliuepua ukiwa bado kijani. Vikopo vya chumvi aliviondoa mezani vyote, akavifungia kabatini, ufunguo akauning'iniza shingoni. Malalamiko hayakuchelewa. Watu waliosalimika na wiki ya Waraka Namba 14 walisema hii sasa ndiyo imevuka mpaka. Mama mmoja wa cherehani alisema maharage yana ladha ya barua. Shangazi aliwajibu wote neno moja, "mtazoea," na sauti yake ilikuwa kavu kuliko muhuri wowote.

Alhamisi alimfuma Kipimo akifungua kikaratasi kidogo chini ya meza.

"Nini hicho?"

"Dawa, Shangazi."

"Ya nini?"

"Ya maharage yako."

Watu wa meza ile wakaacha kula. Shangazi akanyoosha mkono, Kipimo akakitoa kile kikaratasi chenye chumvi kidogo, kama mtu anayerudisha silaha. Ndipo Shangazi akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona pale: alikwenda akajipakulia sahani, akarudi, akavuta benchi, akakaa mbele ya Kipimo, akaanza kula. Akatafuna. Akameza. Uso wake ulijitahidi sana kukaa mahali pake.

"Vipi?" Kipimo aliuliza.

Shangazi alitoa ndimu kwenye mfuko wa aproni, akaikata vipande viwili kwa kisu cha jikoni, kimoja akakisogeza upande wa pili wa meza.

"Kamulia."

Kipimo akakamulia, akaonja, akaangalia dari.

"Bado," alisema.

"Ongeza," Shangazi akamwambia, na yeye mwenyewe akakamulia tena.